Mjomba Wangu, Nyambizi za Uswidi na Uongo wa "Acha Tu"

Wasee, leo sina siasa wala mpira. Leo ni stori ya fegi. Na kabla hujapita ukidhani nakuja kukuhubiria, tulia kidogo. Mimi mwenyewe nimevuta miaka mitatu. Nilianza mwaka wa kwanza chuoni, nikaendelea hata baada ya karo kunishinda na mimi kuacha chuo, na nimejaribu kuacha fegi mara nne. Mara tatu za kwanza nilitumia ile mbinu tunayofundishwa na kila mtu, kuanzia pasta hadi makanga: "Acha tu."

Rekodi yangu ya "acha tu" ni siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa nimesimama kwa kioski nikinunua fegi moja, ile ya kuuzwa moja moja ambayo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inaikataza lakini kila mtaa inauzwa. Nilijiona bure kabisa.

Lakini aliyenifanya niandike hii ni mjomba wangu. Ni kakake mama, anaishi Kuria kule Migori, na maisha yake yote yamezunguka tumbaku. Ameilima tangu kabla sijazaliwa, na ameivuta kwa muda mrefu kuliko alivyoilima. Desemba nilipoenda nyumbani nilimkuta anakohoa hadi anashika ukuta. Daktari alikuwa ameshamwambia mapafu yamechoka, aache. Nikamuuliza, "Mjomba, sasa utaacha?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ataota mabawa lini.

"Mpwa wangu, nimeshaacha mara kumi. Kuacha si shida. Shida ni kesho yake asubuhi."

Hayo maneno yalinikaa kichwani safari nzima ya kurudi Nairobi. Nikaanza kusoma historia ya dawa za kuacha sigara, nikitarajia matangazo ya kampuni za dawa. Nikapata stori yenye nyambizi, majani ya tumbaku mabichi, wanasayansi waliojifanyia majaribio kwenye ngozi zao, na kampuni moja kubwa iliyotisha nyingine ili watu wasisaidiwe kuacha. Na nikagundua kwamba kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, wengi wa madaktari nao walikuwa na dawa ileile ya makanga.

Madaktari nao walisema "acha tu"

Turudi 11 Januari 1964. Siku hiyo mkuu wa afya ya umma wa Marekani alitoa ripoti iliyotikisa dunia. Ilisema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Hiyo sehemu wengi wanaijua. Sehemu isiyosemwa sana ni hii: ripoti hiyohiyo ilisema kuvuta sigara ni mazoea, si uraibu.

Unaweza kusema hiyo ni tofauti ya maneno tu. Si kweli. Kama ni mazoea, basi ni kama kuuma kucha: ukishindwa kuacha, wewe ndiye dhaifu. Hakuna anayemtibu mtu kwa sababu anauma kucha. Neno moja liliweza kuwaondolea madaktari kazi ya kutafuta tiba, na lawama yote ikabaki kwa mvutaji.

Si kwamba dawa hazikuwa zimejaribiwa. Tangu miaka ya 1930 kulikuwa na lobelini, kemikali inayotoka kwa mmea wa Marekani Kaskazini uitwao Lobelia inflata, ambao ni wa jamii moja na yale malobelia makubwa unayoyaona kwenye picha za watu wakipanda Mlima Kenya. Kwa sababu lobelini inafanana kidogo na nikotini mwilini, iliuzwa kwa miaka mingi kama msaada wa kuacha kuvuta. Ilipopimwa vizuri baadaye, hakukupatikana ushahidi kwamba inasaidia mtu kuacha kwa muda mrefu.

Ilichukua miaka 24 kurekebisha lile neno. Mwaka 1988, C. Everett Koop, ambaye sasa ndiye alikuwa mkuu wa afya ya umma huko Marekani, alitoa ripoti iliyosema nikotini ni uraibu, na kwamba unafanya kazi kwa njia zinazofanana na za heroini na kokeini. Na hata baada ya hapo, 14 Aprili 1994, wakuu saba wa kampuni za tumbaku walisimama mbele ya Bunge la Marekani, wakala kiapo, na mmoja baada ya mwingine wakasema wanaamini nikotini haileti uraibu. Saba! Kama mbogi imekamatwa na wote wamekubaliana stori moja.

Kesho yake asubuhi

Sasa ngoja nikueleze kwa nini mjomba alikuwa sahihi kuliko wale saba.

Ukivuta fegi, nikotini inapita mapafuni, inaingia kwa damu, na ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi iko ubongoni. Kule kuna vipokezi, ambavyo ni kama viti vya matatu vikisubiri abiria. Nikotini ikikaa kwenye kiti, ubongo unatoa dopamini, ile kemikali inayokufanya useme, "Aah, sasa niko sawa." Ukiendelea kuvuta, ubongo unaongeza viti. Sasa una matatu kubwa, na isipojaa, makanga anapiga kelele.

Na nikotini haikai. Kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyokuwa kwa damu imeshaondoka. Kwa hivyo ukilala saa saba au nane, unaamka na karibu viti vyote vikiwa vitupu. Ndio maana fegi ya kwanza ya asubuhi huwa tamu kuliko zote. Ndio maana madaktari siku hizi wanakuuliza, "Ukiamka, unakaa dakika ngapi kabla ya kuwasha?" Jibu likiwa chini ya dakika 30, wanajua uraibu wako ni mzito.

Hasira, kukosa usingizi, kushindwa kutulia, njaa ya ajabu: hiyo ni arosto. Mtaani tunaiheshimu arosto ya heroini, lakini ya fegi tunaicheka. Tafiti zimeonyesha kwamba katika watu 100 wanaoacha bila msaada wowote, ni kama watatu hadi watano tu wanaokuwa bado hawavuti baada ya miezi sita hadi mwaka. Soma tena hiyo. "Acha tu" ni mtihani ambao zaidi ya watu 90 kati ya 100 wanaanguka, na bado tunawaambia walioanguka kwamba hawakusoma.

Barua kuhusu nyambizi

Mabadiliko yalianzia Uswidi, na yalianza na barua.

Desemba 1967, mtafiti anayeitwa Claes Lundgren, wa Chuo Kikuu cha Lund, alimwandikia Ove Fernö, mkemia wa kampuni ya dawa ya AB Leo mjini Helsingborg. Lundgren alikuwa ameona kitu kwa mabaharia wa nyambizi na watu wa ndege. Wakiwa kazini mahali ambapo hawaruhusiwi kuvuta, walikuwa wanahamia tumbaku ya mdomoni na wanatulia. Uswidi wana tumbaku yao ya kuweka chini ya mdomo inaitwa snusi. Fikiria ugoro wa nyanya yako, lakini unawekwa kwa fizi badala ya puani.

Wazo la Lundgren lilikuwa rahisi. Kama mabaharia wanatulia bila moshi, basi hawatafuti moshi. Wanatafuta nikotini. Kwa nini tusiwape nikotini peke yake, safi, bila tumbaku?

Fernö hakuhitaji kushawishiwa sana kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mvutaji sugu. Wakaamua kutengeneza chingamu, au bigijii kama tulivyoiita utotoni. Lakini kulikuwa na shida mbili. Kwanza, ukichanganya nikotini na chingamu hivihivi inatoka yote kwa mara moja, na nikotini nyingi kwa mpigo ni sumu. Kwa hivyo waliifunga nikotini kwenye utomvu maalum unaoiachilia polepole kadiri unavyotafuna. Pili, nikotini haipiti vizuri kwa ngozi ya mdomo kukiwa na asidi, kwa hivyo wakaongeza kitu cha kupunguza asidi mate yakichanganyika nayo. Kumbuka hiyo ya pili, nitairudia, kwa sababu ndiyo iliyoniharibia mimi jaribio la nne.

Chingamu hiyo iliitwa Nicorette. Uswisi iliidhinisha 1978, Uingereza 1980, na Marekani 1984.

London kulikuwa na daktari wa akili, Michael Russell, aliyekuwa akisema jambo ambalo wengi hawakutaka kusikia: kinachomfunga mtu kwa sigara ni nikotini, lakini kinachomuua zaidi ni ile lami na takataka nyingine za moshi. Mwaka 1982 yeye na wenzake walichapisha jaribio. Watu 116 waliotaka kuacha waligawanywa nusu kwa nusu, 58 wakapewa chingamu ya nikotini na 58 wakapewa chingamu ya kudanganyia. Wote walipata ushauri uleule. Baada ya mwaka mmoja, kwa ile ya kudanganyia walikuwa wameacha watu 12. Kwa ile ya nikotini, 27.

Tafiti nyingi zilizofuata, zenye watu wengi na ushauri kidogo, zilipata matokeo madogo zaidi. Leo tukijumlisha zote, tiba ya nikotini inaongeza nafasi yako ya kuacha kwa kama asilimia 50 hadi 60. Si muujiza. Wengi bado wanaanguka kwa jaribio moja. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi kwamba tofauti ya aliyeacha na aliyeshindwa inaweza kuwa kemikali, si tabia.

Kampuni ikatishwa

Hapa ndipo stori inanuka.

Marekani, chingamu ile iliuzwa na Merrell Dow, kampuni iliyokuwa chini ya Dow Chemical. Sasa Dow hiyohiyo ilikuwa inauzia Philip Morris, wenye Marlboro, kemikali za kuifanya tumbaku isikauke. Unaona mahali hii inaelekea? Mwaka 1984, Philip Morris ilikasirishwa na matangazo na jarida la Merrell Dow lililokuwa likihimiza watu waache kuvuta. Ikasitisha kununua kemikali za Dow. Dow ikaelewa ujumbe, ikapunguza makali ya maneno yake kuhusu sigara, na ununuzi ukarudi.

Haya si maneno ya mtaani. Yametoka kwenye nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku zilizofichuliwa kupitia kesi za Marekani, na watafiti wakayachapisha kwenye jarida la madaktari la JAMA mwaka 2002.

Mimi hapo nilisimama nikatembea kidogo kwa keja. Kwa sababu kama chingamu ilikuwa haisaidii, mbona waliiogopa?

Plasta iliyotoka kwa majani mabichi

Sehemu inayofuata ilinirudisha Kuria moja kwa moja.

Nilipokuwa mdogo tukienda likizo, msimu wa kuvuna tumbaku kulikuwa na asubuhi ambazo mjomba alikuwa anarudi kutoka shambani akiwa amelowa umande, anatapika, kichwa kinazunguka, amekuwa kama mlevi. Watu walisema ni malaria. Anakunywa dawa, analala, kesho anaamka mzima, anarudi shambani, anaugua tena.

Haikuwa malaria. Ni ugonjwa unaojulikana wa wavunaji tumbaku. Majani mabichi yakilowa umande au mvua, nikotini inatoka ndani ya jani, inapita kwa ngozi ya mvunaji, inaingia kwa damu. Unapata sumu ya nikotini bila kuwasha hata kiberiti.

Huko Los Angeles, katika chuo kikuu cha UCLA, profesa Murray Jarvik na mwenzake Jed Rose walijua kuhusu ugonjwa huu wa wavunaji. Wakajiuliza kinyume: kama nikotini inaweza kupita kwa ngozi ikamgonjesha mkulima, je, tukiipitisha kidogo kidogo, polepole, haiwezi kumtuliza mvutaji anayeacha? Hawakupata ruhusa ya kujaribu kwa watu wengine, kwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijiwekea wenyewe kwenye ngozi. Mapigo ya moyo yakapanda. Nikotini ilikuwa imeingia.

Kutokana na kazi ya aina hiyo kikapatikana kibandiko cha nikotini, plasta unayobandika kwa mkono asubuhi. Marekani iliidhinisha plasta za kwanza mwishoni mwa 1991, na mwaka 1996 chingamu na plasta zikaanza kuuzwa huko bila karatasi ya daktari.

Plasta haikupi ile raha ya ghafla ya fegi. Ndiyo maana yake. Inajaza viti vya matatu polepole siku nzima ili makanga asipige kelele, halafu kila baada ya wiki kadhaa unapunguza. Zile za saa 24 huwa na ngazi tatu, miligramu 21, halafu 14, halafu 7. Halafu sifuri.

Fikiria hilo kwa muda. Dawa iliyobuniwa kwa kuangalia ugonjwa wa watu kama mjomba wangu iliuzwa Marekani miaka zaidi ya 30 iliyopita. Mjomba wangu hakuwahi kuisikia hadi mimi nilipomwambia.

Vidonge

Hapa nitaenda haraka, lakini usiruke.

Bupropioni ilikuwa dawa ya huzuni kali. Daktari Linda Ferry, aliyekuwa akiwatibu wanajeshi wastaafu huko Loma Linda, California, aliona kwamba wengi wanaoacha sigara wanazama kwenye huzuni, akajaribu dawa hiyo kwa wavutaji. Ikasaidia. Mwaka 1997 Marekani ikaiidhinisha kwa jina Zyban. Haina nikotini hata kidogo. Haifai kwa mtu mwenye kifafa, kwa hivyo usipewe na rafiki, pewa na daktari.

Halafu kuna sitisini. Inatoka kwa mti wenye maua ya njano yanayoning'inia, ambao majani yake yalivutwa na baadhi ya wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia walipokosa tumbaku. Bulgaria iliigeuza kidonge, Tabex, na kukiuza kuanzia 1964. Angalia huo mwaka. Mwaka uleule Marekani ilipokuwa ikisema ni mazoea tu, Bulgaria ilikuwa na kidonge. Lakini hayo yalikuwa mambo ya upande wa pili wa Vita Baridi, na nchi za Magharibi hazikukijali kwa miongo mingi.

Kutoka kwa sitisini, wakemia wa Pfizer walitengeneza varenikilini, iliyoidhinishwa Marekani 2006 kwa jina Chantix, kwingine Champix. Hii inafanya ujanja mtamu. Inakaa kwenye kiti cha nikotini, inalipa nusu nauli, na haitoki. Unapata utulivu kiasi, na hata ukivuta fegi, nikotini inafika ikikuta viti vimekaliwa. Fegi inapoteza ladha.

Mwaka 2009 iliwekewa onyo kali kwamba huenda inavuruga akili. Ukiongea na watu bado utalisikia hilo onyo. Lakini jaribio la watu zaidi ya 8,000, wakiwemo waliokuwa na matatizo ya akili, lilichapishwa 2016 na halikupata ongezeko kubwa la madhara hayo, na onyo likaondolewa mwaka huohuo. Leo varenikilini na sitisini ziko kati ya dawa zinazosaidia zaidi.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba ya nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na bupropioni na varenikilini mwaka 2021. Muhimu, kwa lugha yao, maana yake ni dawa ambayo kila mfumo wa afya unapaswa kuwa nayo.

Barabara ileile, ikirudi nyuma

Sasa njoo mtaani kwetu.

Mwaka 2019 vifuko vidogo vyeupe vya nikotini viliingia Kenya. BAT iliviita Lyft. Unaweka kimoja chini ya mdomo, hakuna moshi, hakuna harufu, mzazi hajui, mwalimu hajui. Oktoba 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema Bodi ya Dawa na Sumu ilivisajili kinyume cha sheria, akaagiza usajili ufutwe. Mwaka 2022 vikarudi, jina jipya, Velo.

Kampuni inasema ni kwa watu wazima wanaovuta, wapate kitu chenye madhara madogo kuliko sigara. Na ni kweli, bila moshi hakuna ile lami. Sitabisha hapo, Russell alishasema. Lakini angalia maskani yako. Wangapi wanaoweka kifuko walikuwa wavutaji? Kwetu nimehesabu watano. Mmoja tu ndiye aliyewahi kuvuta. Wale wanne walianzia hapo.

Ujuzi ni uleule wa Uswidi. Nikotini, mdomo, kupunguza asidi ili ipite kwa fizi. Fernö aliutumia kumshusha mtu aliyekuwa juu. Hapa unatumika kumpandisha mtu aliyekuwa chini. Ndio maana mtu akiniambia, "Lakini hata chingamu ni nikotini, si ni kitu kimoja?" namuuliza swali moja: inakuambia uishushe lini? Pakiti ya plasta ina ratiba ya wiki. Ina siku ya mwisho. Ukiona bidhaa ya nikotini isiyo na siku ya mwisho, wewe si mgonjwa wao, wewe ni mteja wao.

Jaribio la nne

Nilipomaliza kusoma nikaenda kutafuta chingamu. Kemisti ya kwanza, kijana wa kaunta alicheka: "Buda, nikotini ya kuacha nikotini? Si uache tu." Ya pili hawakuwa nayo. Ya tatu walikuwa nayo, na bei yake ingeninunulia fegi za siku nyingi. Na hilo ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote. Sumu unaipata moja moja kila kona. Dawa yake unaitafuta siku nzima, na lazima ununue pakiti nzima.

Nikainunua. Na nikaitumia vibaya. Niliitafuna kama bigijii, haraka haraka, huku nikinywa soda. Nikapata kwikwi, tumbo likachafuka, na hamu ya fegi ikabaki palepale. Nikataka kuitupa niseme haifanyi kazi. Kumbe unatafuna taratibu hadi uhisi mwasho kama wa pilipili, halafu unaiegesha kati ya shavu na fizi hadi mwasho uishe, halafu unatafuna tena, kama nusu saa hivi. Na usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla, wala wakati iko mdomoni, kwa sababu ya ile asidi niliyokuambia. Nikotini ukiimeza inachafua tumbo, na ini linaivunja kabla haijafika ubongoni.

Baada ya kujua hilo, siku tisa zilipita. Halafu ishirini. Leo ni siku ya 74, na natafuna mbili kwa siku, kutoka kumi.

Mjomba ni stori tofauti, na sitakudanganya. Daktari wake alikubali aanze plasta, na chingamu ya kuongezea hamu ikimzidi, kwa sababu zikitumiwa pamoja zinasaidia zaidi ya moja peke yake. Mama na mimi tulichanga. Wiki tatu hakuvuta. Halafu kukawa na matanga ya rafiki yake, usiku kucha kando ya moto, wazee wote wanavuta, naye akavuta. Alinipigia simu asubuhi, sauti ya aibu.

"Mpwa, nimekuangusha."

Nikamwambia, "Mjomba, hujaniangusha. Umebandika leo?"

Kimya. Halafu akasema, "Bado. Naibandika sasa."

Kama unavuta na unataka kuacha, usianze na aibu. Nenda kwa daktari au mfamasia, mwambie unavuta ngapi na unawasha ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka. Kama uko chini ya miaka 18, au una mimba, au una ugonjwa wa moyo au kifafa, lazima iwe daktari kwanza, usijinunulie. Ukikosa wa kuongea naye, piga 1192, laini ya bure ya NACADA. Na kama ulishaacha mara kumi ukarudi, hesabu yako ni kama ya mjomba, na ya kumi na moja bado ipo.

Na wewe usiyevuta, nakuomba kitu kimoja. Mtu wako akikuambia anataka kuacha, usimwambie "acha tu." Muulize asubuhi yake huwa vipi.